Kilichopotea na Kilichofutwa

Ukimpelekea fundi diski iliyokufa, atakuambia ataifufua. Feni anaitengeneza, pasi anaitengeneza, redio anaitengeneza, lakini diski anaifufua. Neno hilo ni la makaburini, na sijawahi kumsikia fundi akilitumia kwa mzaha. Mimi mwenyewe nimelitumia miaka mingi, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kompyuta, yaani ndiye anayepigiwa simu mashine inapogoma. Mwishoni mwa mwaka 2025 nilifufua kompyuta ya nyumbani kwa marehemu baba mkubwa, Tanga, na pamoja na vilivyopotea vikafufuka vingine ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amevizika. Tangu hapo neno hilo limenikaa vibaya mdomoni.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mjukuu wa nyumba ile, kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayesubiri matokeo, alisikia kwamba Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba. Akatafuta flashi, akaweka mfumo mpya ndani yake, akaanza kuusimika. Katika kusimika Windows unafika ukurasa mmoja unaoonyesha diski imegawanywa vipande vingapi, na kila kipande unaweza kukifuta kwa kubofya mara moja. Video aliyoifuata ilisema futa vyote, uanze na diski safi. Akafuta vyote. Mfumo mpya ulipofika katikati ya kunakili mafaili yake, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka na kutoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikilalamika kwamba haioni mfumo wa kuwashia. Nimeambiwa kijana hakula vizuri siku mbili. Simlaumu hata kidogo. Alitaka kumfanyia bibi yake jambo.

Mama mkubwa aliponipigia hakuitaja kompyuta. Alisema, "Mwanangu, picha za Mzee zimekwenda." Alitaka picha, na alitaka nakala ya hati ya mauziano ya shamba la Muheza, ambayo baba mkubwa aliiskani siku karatasi yenyewe ilipoanza kuliwa na mchwa. Basi. Vingine, alisema, nitaviangalia mwenyewe.

Hapa sina budi kueleza kidogo mambo ya ndani ya diski, maana swali langu lote limekaa hapo. Diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka, ifikirie kama mtaa wenye balozi wa nyumba kumi. Balozi ana daftari: nyumba hii anakaa fulani, ile anakaa fulani. Ukifuta faili, kompyuta haiendi nyumbani kumtoa mtu. Inakwenda kwenye daftari na kuandika kwamba nyumba ile sasa iko wazi. Mwenyewe bado yumo, na kitanda chake, na sufuria zake. Ataendelea kukaa humo mpaka aletwe mpangaji mwingine, na huyo mpangaji anaweza kuja kesho au asije kabisa. Kufuta vipande vyote na kuvipanga upya haraka haraka, kama alivyofanya yule kijana, ni kumpa balozi daftari jipya lisilo na jina hata moja. Mtaa mzima unaonekana mtupu, na hakuna aliyehama.

Ndiyo maana inawezekana kufufua. Nilichomoa diski, ya GB 500, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa waya wa USB, nikawasha Linux, nikainakili yote, baiti kwa baiti, kwenye diski nyingine kwa programu iitwayo ddrescue. Katika kazi hii maiti haiguswi. Unafanya kazi juu ya nakala. Kunakili kulikula usiku mzima. Kisha nikajaribu TestDisk, programu ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo hulitafuta daftari la zamani. Nililikuta limeliwa nusu, kwa sababu mfumo mpya, kabla ya umeme kukatika, ulikuwa umeshaanza kuandika daftari lake juu ya lile. Majina machache yalisomeka, mengi hayakusomeka. Ikabidi nitumie PhotoRec, ya mtu huyo huyo, ambayo haina haja na daftari. Yenyewe inapita nyumba hadi nyumba na kubisha hodi. Inajua kwamba picha ya JPEG huanza kwa alama FF D8 FF, inajua hati ya PDF huanzaje, hati ya Word huanzaje, na kila inapokuta mwanzo wa namna hiyo inamtoa aliyemo na kumpa namba. Jina lake hapati, wala folda alimokuwa akikaa.

Asubuhi ya pili nilikuta mafaili zaidi ya elfu arobaini, yamepangwa mia tano mia tano katika folda zenye namba. Humo zilikuwamo picha za harusi ya 2009, baba mkubwa amevaa kanzu na koti, anacheka na mtu asiyeonekana. Yalikuwamo mitihani ya jiografia ya kidato cha pili. Na kulikuwa na takataka zisizo na idadi: nembo za matangazo, vitufe vya tovuti, vipande vya picha za magazeti, kila kitu ambacho kompyuta hujiokotea inapotembea intanetini.

Mafaili hayo, ukiacha takataka, yalikuwa ya namna mbili. Yako yaliyopotea kwa sababu kijana alibofya na umeme ukakatika. Na yako ambayo hayakupotea. Baba mkubwa aliyafuta mwenyewe, mwaka huu au ule, kwa sababu anazozijua yeye. Daftari lingekuwa zima, tofauti ingeonekana, maana TestDisk huyaonyesha yaliyofutwa kwa rangi nyekundu. Daftari likishaharibika, ukipita ukibisha hodi, aliyefutwa na aliyesahauliwa wanaitika kwa sauti moja.

Kiswahili hakiwachanganyi. Faili limepotea: halijulikani liliko. Faili limefutika: limeondoka, na kitenzi hakimtafuti mtu wa kumlaumu. Faili limefutwa: yupo aliyefuta, amesimama nyuma ya kitenzi hata kama hatajwi. Tofauti kati ya herufi hizo mbili tatu ni ya nia, na nia haiandikwi kwenye diski. Je, anayefufua ana haki ya kufufua kila kinachofufuka? Au ana wajibu wa kuirudisha ile tofauti ambayo mashine imeipoteza, na kukiacha kilichofutwa kikae kilikofutiwa?

Ningeliona swali la darasani tu kama kati ya hati za Word nisingeikuta barua.

Niliifungua kwa kuwa nilikuwa nafungua kila hati. Faili likiwa na namba tu, huwezi kulijua bila kulifungua. Niliisoma mpaka mwisho kwa kuwa aya yake ya kwanza ilihusu shamba, na mimi nilikuwa natafuta shamba. Ilikuwa barua ya baba mkubwa kwa mwanawe wa kwanza, ambaye mimi namwita kaka. Kaka anaishi mbali na Tanga. Kati yake na baba yake palikuwa na jambo, jambo hilo lilikaa miaka mingi, na baba mkubwa alizikwa likiwa bado lipo. Zaidi ya hapo sitasema barua ilikuwa na nini.

Folda chache mbele nikakuta barua ile ile, ila maneno si yale yale. Kisha nyingine. Zikafika saba. Nilidhani mwanzoni alihifadhi nakala saba, lakini Word haifanyi kazi hivyo. Mara nyingi ukihifadhi hati, programu huiandika yote upya mahali pengine, kisha humwarifu balozi kwamba anwani imebadilika. Ile ya kwanza inabaki kwenye nyumba ya zamani. Kwa hiyo yeye, akikaa pale sebuleni usiku na miwani yake, aliona barua moja tu aliyokuwa akiirekebisha. Diski ilikuwa nazo zote saba, kila moja na sentensi aliyoiondoa katika iliyofuata. Katika moja kuna neno ambalo katika zile sita nyingine halimo, na ni neno zito. Sasa neno hilo alilisema au hakulisema?

Nilijuaje kwamba barua haikupotea pamoja na vingine? Baba mkubwa alikuwa mwalimu, mtu wa mpangilio. Mwaka 2019 alinakili folda yake ya nyaraka kwenye DVD, akaandika juu yake kwa kalamu nyeusi NYARAKA ZOTE 2019, akaiweka kwenye droo ya meza ile ile ya kompyuta. Barua ya mwisho kati ya zile saba ni ya 2017. Kwenye DVD haimo. Unaweza kusema hakuifuta, aliitenga tu ili mkewe asiikute, na hilo siwezi kulikataa. Lakini alipoandika ZOTE, hiyo hakuihesabu.

Rafiki yangu mmoja niliyemweleza alinicheka. Marehemu, alisema, hana haki ya siri, kwa sababu hayupo. Hoja hiyo ni ya kale kuliko yeye. Epicurus aliwafundisha Wagiriki kwamba aliyekufa hayupo tena ili aweze kudhurika. Aristotle, kabla yake kidogo, hakuwa na uhakika kiasi hicho, akaona yanayowapata watoto wa marehemu hayawezi kuwa hayamhusu kabisa. Mimi niko upande wa Aristotle, ila kwa sababu ya kienyeji zaidi. Watu wote ninaowajua wanafuata wosia. Hakuna anayesema baba hayupo tena, basi tugawane tunavyotaka sisi. Kama neno la marehemu linatufunga pale aliposema "mpe fulani", sioni kwa nini lisitufunge pale alipofanya kimyakimya kitendo kinachosema "asipewe mtu".

Sheria hazisaidii sana hapa. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuitaka Google iondoe viungo fulani vinavyojitokeza jina lake linapotafutwa, kama habari zenyewe zimepitwa na wakati au hazina maana tena. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa, iliyoanza kutumika 2018, ikaipa haki ya kufutwa kifungu chake yenyewe. Lakini kanuni hiyo hiyo inatamka kwamba haiwahusu marehemu. Wao wameachiwa kila nchi ijipangie. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema. Ila mtu na diski ya baba yake mkubwa, saa saba usiku, hana afisa wa kumwuliza.

Wasomi wa fasihi hupenda kumtaja Franz Kafka. Alifariki 1924, akaacha maagizo kwamba rafiki yake Max Brod ayachome maandishi yake yasiyochapishwa. Brod hakuyachoma, mwaka uliofuata alitoa Der Prozess, na dunia ikamshukuru. Mfano huu hauniridhishi. Kafka aliomba kuchomewa, na mtu anayeomba kuchomewa ameuacha mlango wazi nusu, maana moto alikuwa nao mwenyewe. Baba mkubwa hakumwomba mtu. Alifanya kwa mkono wake, na kwa kadiri alivyojua, lilikwisha. Hakujua habari za balozi na daftari. Hivyo nilichokuwa nacho hakikuwa kile alichokiacha. Nilikuwa nanufaika na ukweli kwamba hakujua mashine yake inavyofanya kazi. Jambo hilo lilinisumbua kuliko yote. Mtu aliyechana karatasi na kuitupa jaani anajua kwamba mpita njia anaweza kuviokota vipande. Aliyebofya "futa" ameambiwa na kompyuta, kwa maandishi, kwamba faili limekwenda.

Hoja nzito ya upande wa pili si ya Kafka. Ni ya deni. Kwetu mali ya marehemu haigawanywi kabla madeni yake hayajalipwa; hata makaburini hutangazwa kwamba anayemdai ajitokeze. Na radhi ni deni. Ikiwa mzee alimkosea mwanawe, na akajua alimkosea, kuchana hati ya deni hakulifuti deni. Kaka ni mdai. Mimi nimeshika ushahidi wa deni lake, halafu nanyamaza kwa kumheshimu mdaiwa? Hoja hii ilinikalisha siku tatu, na bado naiheshimu. Jibu langu ni kwamba kuomba radhi ni tendo, si maandishi. Mtu huomba radhi anapomfikishia mwenzake, akasimama mbele yake au mbele ya karatasi iliyosainiwa, akakubali kwamba anaweza kukataliwa. Rasimu saba zinaonyesha mtu aliyetaka kuomba radhi, na labda aliyeshindwa mara saba. Nikizipeleka, sijalipa deni la mzee. Nimemfanya aseme kitu ambacho yeye, kwa uoga au kwa hekima, hakukisema. Ningekuwa nimeghushi, ingawa kila neno ni lake.

Halafu kuna suala la mimi kuwa nimesoma. Kwa muda nililiona kama doa, mpaka nikawakumbuka waosha maiti. Kuosha hakufanyiki kwa macho yaliyofumbwa. Mwosha ataona kovu ambalo mke hakuwahi kulitaja, ataona uvimbe, ataona mwili ulivyokonda chini ya shuka, na ndiyo maana huchaguliwa mtu wa karibu na mwenye kifua. Adabu yake inaanza baada ya kuona: anafunika, anatoka nje, anakaa na wenzake, anakunywa kahawa, na neno halimtoki. Wazee walisema mwosha huoshwa. Mimi pia nina diski, na nimeshafuta vingi, na siku moja mtoto wa mtu atabisha hodi nyumba kwa nyumba akitafuta picha za harusi.

Hili si la ukoo wetu peke yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika, nyingi kupitia mnada wa mtandaoni. Humo walikuta barua za watu, habari za magonjwa yao na maelfu ya namba za kadi za benki. Wenyewe walikuwa wameuza chuma, hivyo ndivyo walivyodhani. Sisi tunaonunua kompyuta za mtumba zinazotoka Ulaya na Marekani tumekaa na siri za watu wasiotujua, na wengi wetu hatuna habari. Mashine mpya zinalipunguza tatizo hili bila kujali maadili: kwenye SSD, mfumo ukifuta faili huiarifu diski kwamba nafasi ile haihitajiki, nayo huisafisha kwa wakati wake, na hapo PhotoRec ikibisha hodi haiitikiwi. Kama baba mkubwa angenunua kompyuta yake miaka kumi baadaye, barua isingekuwapo, na picha za harusi nazo zisingekuwapo. Huwezi kupata moja bila nyingine.

Nilifika uamuzi. Mama mkubwa nikamrudishia picha, hati ya shamba, mitihani ya jiografia, kila kilichokuwa na dalili ya kupotea. Vilivyokuwa na dalili ya kufutwa nikavifungia pembeni kwa nenosiri, nisimwambie mtu. Kama mwosha.

Wiki moja baadaye kaka akapiga. Mama yake alikuwa amemrushia picha za 2009 kwa WhatsApp. Alinishukuru, akauliza habari za nyumbani kwangu, akakaa kimya kidogo.

"Mdogo wangu, katika kupekua huko, hukukuta kitu alichoniandikia?"

Mwosha haulizwi. Mimi nilikuwa nimeulizwa.

Palikuwa na majibu mawili mepesi. Ningesema hakuna, na uongo huo ungekuwa na sura nzuri ya heshima kwa marehemu. Au ningesema ipo, nakutumia sasa hivi. Nilipoyapima pale pale, simu sikioni, niliona yote mawili yana kasoro moja: kwa vyovyote vile mimi ndiye ningekuwa nimeamua kati ya baba na mwana, na sikuwa baba wala mwana. Kumfichia mzee maneno yake ni kazi ya mwosha. Kumdanganya mtoto wake aliye hai ni kazi nyingine, na hiyo hakuna aliyenipa.

"Ipo barua, kaka," nikasema. "Aliifuta mwenyewe kabla ya 2019. Sikujua kama nikwambie."

"Una hakika aliifuta? Haikupotea na vingine?"

Nikamweleza habari ya DVD, na neno lililoandikwa juu yake. Akanyamaza tena.

"Aliiandika lini?"

Hapo nilisita. Hati ya Word ni kama mfuko, na ndani yake mna kikaratasi asichokiona mwandishi, kinachosema hati ilianzishwa lini, ilihifadhiwa mara ya mwisho lini, na imerekebishwa mara ngapi. Tarehe hizo hakuziandika baba mkubwa. Ziliandikwa na kompyuta, bila kumwuliza. Nikajiambia kwamba kilichofutwa na mzee ni maneno yake, na tarehe si neno lake. Nikamwambia: alianza Juni 2015, akaigusa mara ya mwisho Machi 2017.

"Machi," akasema kaka. "Ndio mwezi aliozaliwa mwanangu wa kwanza."

Nilimwuliza kama nimtumie.

"Hapana. Ungeniambia aliituma ikapotea njiani, ningeidai mpaka posta. Hii aliifuta." Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, kisha sauti yake ikiwa chini zaidi. "Ila na wewe usiifute. Alishaifuta mwenyewe."

Ile hoja yangu ya tarehe ina tundu, nalijua. Ukimwambia mtu kwamba baba yake alikaa na barua yake miaka miwili kasoro, na kwamba aliiacha mwezi aliozaliwa mjukuu, umemwambia karibu kila kitu kuliko barua yenyewe. Kama tarehe haikuwa siri ya mzee, basi siri yake ilikuwa nyembamba sana. Nimejaribu kulitetea jibu langu kwa kusema kwamba kaka aliuliza, na swali la aliye hai lina uzito wake. Siku nyingine naona utetezi huo unatosha. Na kuhusu kaka kukataa kusoma, mwanzoni nilidhani ni hasira za zamani. Sasa sidhani hivyo. Nadhani alikuwa anampa baba yake kitu ambacho walishindwa kupeana walipokuwa wote wawili hai, yaani nafasi ya kubadili mawazo.

Kaka ameisoma insha hii kabla yako, msomaji. Ameniomba nibadilishe mwezi na mahali, nimebadilisha. Mama mkubwa aliambiwa na kaka mwenyewe, si na mimi, na alichojibu hakikuletwa kwangu.

Zile saba ziko kwenye diski yangu ya nje, zimefungwa kwa nenosiri, na sijazifungua tena. Ile diski ya baba mkubwa nimeirudisha Tanga, ndani ya kompyuta ile ile, ikiwa na mfumo mpya uliosimikwa umeme ukiwa umetulia. Nilipendekeza tununue SSD. Mama mkubwa akasema ya Mzee bado inazunguka. Kijana ndiye mtumiaji mkubwa siku hizi. Anapakua tamthilia za Kituruki, msimu mzima kwa mkupuo, na mara ya mwisho nilipoangalia zilikuwa zimeshapita GB 200. Balozi anazigawia nyumba anavyojua yeye. Zile saba sijui ngapi zimeshapata wapangaji.